Wiki Niliyowafundisha Wanangu Njia ya Shule

Mke wangu alijifungua wiki tatu kabla shule hazijafunguliwa, kwa hiyo maandalizi yote ya mabinti zetu wawili yakaniangukia mimi. "Mpaka nitoke arobaini, mama yao ni wewe," aliniambia akiwa amelala ubavu, kichanga kimeshiba na kusinzia kifuani kwake. Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili bila kujua natafuta nini.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza vitanda na makabati kwenye karakana moja ya Kinondoni, na kwa miaka kumi tuliishi kulekule, chumba na sebule, hatua chache tu kutoka shuleni. Binti yangu mkubwa alikuwa akisikia kengele ya shule kikombe cha chai kingali mkononi, na bado hachelewi. Shule zilipofungwa mwaka jana tukahamia Chanika, kwenye nyumba yetu wenyewe. Ilikuwa na bati, milango na madirisha, ila lipu bado. Mimi na mama yao tuliona tumefika. Binti mkubwa hakuona hivyo. Alikuwa na miaka kumi, anakwenda kuanza darasa la tano, na rafiki zake wote aliwaacha Kinondoni. Siku ya kuhama alikaa juu ya godoro nyuma ya lori, akatazama tulikotoka mpaka tukakata kona. Tangu siku hiyo alikuwa akijibu maswali yangu kwa neno moja. Mdogo wake, wa miaka sita, anayekwenda kuanza la kwanza, kwake kila kitu kilikuwa sherehe. Alikuwa akilala na begi lake jipya.

Nikawaambia wateja wangu wanisubiri wiki mbili. Nikachukua kalamu, nikakaa kwenye kizingiti cha chumba cha mzazi, mke wangu akanisomea orodha kutoka kichwani. Sketi za bluu, mbili mbili. Mashati meupe. Hijabu nyeupe. Soksi. Viatu vyeusi, "na visiwe vya kuteleza." Madaftari, na yafungwe kwa kaki. Ufagio wa chelewa na ndoo ndogo, maana shule nyingi huku mtoto mgeni haendi mikono mitupu. Barua ya uhamisho ya mkubwa. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo.

"Na majina uyashone kwenye kola," aliongeza.

"Kushona? Mie?"

"Unapigilia misumari midogo kuliko sindano. Utaweza."

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwangalia mwanawe na mjukuu. Alikuwa mwanamke wa pwani, mpole, lakini nyumba aliishika. Alichemsha maji ya mzazi, alipika uji wa pilipili manga, na kila nilipopita koridoni nilijihisi niko njiani mwake. Mkwe hakai jikoni na mama mkwe wake. Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nje, nikisogeza tofali kutoka hapa kwenda pale, nikirudisha nililolisogeza, nikisubiri kesho ifike nikafanye kitu.

Ili kununua viatu, niliwaita watoto uani nikawapima nyayo kwa futi kamba, urefu na upana, nikaandika sentimita kwenye karatasi. Mama mkwe akachungulia dirishani.

"Mkwe, unapima watoto kama vitanda!"

"Nisije nikakosea, mama."

Nilikosea. Viatu vya mdogo vilimkaa vizuri. Vya mkubwa nilimuuliza, "Vinakutosha?" akajibu, "Ndiyo." Nikaridhika, nikaukata mstari huo kwenye orodha.

Kilichonikosesha amani zaidi kilikuwa njia. Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa kama dakika arobaini kwa mtoto. Unapita viwanja vya mihogo na nyumba ambazo hazijaisha, unashuka bondeni kwenye kijito, unavuka kwa magogo mawili yaliyolazwa, unapanda katikati ya mikorosho, unatokea barabara ya lami yenye malori ya mchanga, halafu ndiyo shule. Kinondoni mtoto hawezi kupiga hatua kumi bila kuonwa na mtu anayemjua mama yake. Huku kuna sehemu unatembea dakika tano husikii hata redio. Mimi mwenyewe nilipoipita mara ya kwanza niligeuka nyuma mara kadhaa, na mimi ni mtu mzima mwenye nyundo kwenye begi.

Nikaamua tufanye mazoezi. Siku ya kwanza tulitoka watatu asubuhi, wao wamevaa viatu vipya ili vizoee miguu. Kila mahali nilisimama nikatoa maelekezo. Hapa mnashika kulia. Hapa kuna mbwa, amefungwa, msimchokoze. Pale kwenye magogo, mkubwa atangulie, ageuke, ampe mdogo mkono. Barabarani msivuke kwa kuona mtu mwingine anavuka, vukeni kwa kuona wenyewe.

"Na mkiona mtu msiyemjua anawafuata?" niliwauliza kwenye mikorosho.

"Tunakimbia!" mdogo akasema.

"Hapana. Hamkimbilii porini. Mnaingia nyumba yoyote iliyo karibu yenye mwanamke. Mnapiga hodi, mnasema mna shida. Mmenielewa?"

Mkubwa akatikisa kichwa kukubali. Tulipokuwa tunarudi nikaona anachechemea. Nikamkalisha kwenye kisiki, nikamvua kiatu. Kidole gumba kilikuwa chekundu na kisigino kimechubuka.

"Si ulisema vinakutosha?"

"Ulikuwa umeshavinunua," akanijibu.

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, miguu yake mirefu ikining'inia pembeni. Mchana huohuo nilikwenda kubadilisha viatu. Nikiwa njiani nilikuwa namjibu kichwani, kisha najibu tena, na hakuna jibu lililofaa.

Siku ya pili magogo ya kijito ndiyo yalinishinda. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo na yalikuwa yameshika utelezi. Mdogo alivuka akicheka, mguu ukayumba, nikamdaka kwa begi. Tuliporudi sikuweza hata kunywa chai. Nilichukua mbao nilizoweka kwa ajili ya dari, msumeno na misumari ya inchi nne, nikashuka bondeni. Nilifanya kazi mpaka alasiri. Nilipigilia mbao tano juu ya magogo, nikaweka na fito za kushikia upande mmoja. Wapita njia walinishukuru. Mzee mmoja mwenye jembe begani aliniuliza kama nimetumwa na serikali ya mtaa. Nikamwambia nimetumwa na wanangu.

Nilirudi nimelowa jasho. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha.

"Mbao za dari ziko wapi?"

"Nimejengea daraja."

Akanitazama. "Baba watoto, ukimaliza daraja utajenga na shule? Kaa chini. Hebu kaa tu chini."

Nikakaa. Baada ya dakika moja nikasimama, nikakumbuka madaftari hayajafungwa. Nilikaa na watoto kwenye mkeka barazani, tukakata kaki. Mdogo alibana gundi mpaka ikamjaa vidoleni. Mkubwa alikunja kona safi kuliko mimi, akabandika vipande vya karatasi vyenye jina na somo. Kwenye daftari moja aliandika jina la shule ya Kinondoni. Akaliona kosa, akakaa analitazama, halafu akageuza kaki ndani nje na kuandika upya. Niliona. Nikaendelea kukata.

Siku ya tatu niliwaambia waende wenyewe. Waende mpaka geti la shule, waliguse, warudi. Mkubwa akauliza, "Peke yetu?" Nikasema, "Peke yenu. Mimi nabaki hapa na lipu." Mdogo akaruka kwa furaha.

Sikubaki. Walipopotea kwenye mihogo tu nikaanza kuwafuata. Kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo nilichukua koti la mvua lenye kofia ambalo siku zote huwa naliacha karakanani. Nililileta nyumbani wiki ile kwa sababu ya hali ya hewa, na watoto hawakuwahi kuliona. Nikavuta kofia kichwani. Nilijiambia nitakaa mbali. Nitawatazama tu, nione kama wanafanya nilivyowafundisha, na wakimaliza nitatangulia kurudi.

Walikwenda vizuri. Kwa mbwa hawakusimama. Darajani mkubwa alitangulia, akageuka, akatoa mkono. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta wa nyumba isiyoisha na moyo ulinijaa. Niliwaacha wapande, nikashuka, nikavuka. Mbao zililia chini ya miguu yangu. Huko juu nikaona mkubwa anageuza kichwa. Nikajificha nyuma ya mkorosho. Nikahesabu mpaka ishirini, nikachungulia.

Hawakuwepo.

Nilitembea haraka hadi pale walipokuwa wamesimama. Njia ilikuwa tupu mbele, na mbele kule mtu anaona mbali. Nikasema labda wameongeza mwendo. Nikakimbia hadi lamini. Malori yalikuwa yanapita, na mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga alikuwa ameketi chini ya mwavuli. Nikamuuliza kama ameona watoto wawili wa kike, mmoja mrefu, mmoja amebeba begi la zambarau.

"Leo sijaona mtoto yeyote akivuka hapa," akasema. "Kuna nini, kaka?"

Nikavuka barabara, sijui kwa kuona mwenyewe au kwa kuona wengine. Geti la shule lilikuwa limefungwa. Mlinzi hakuwa ameona mtu. Nikarudi kwenye mikorosho, nikaita majina yao, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilishuka kijitoni nikatazama maji, ambayo hayafiki hata magotini, nikatazama chini ya mbao nilizopigilia mwenyewe. Niliingia kwenye vichaka. Koti lilinasa kwenye miiba likachanika begani. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani, dirishani. Nilifikiria nitakavyoingia chumbani kwa mzazi na kusema maneno hayo, na miguu ikakataa kwenda upande wa nyumbani. Lakini hakukuwa na upande mwingine.

Nilipofika uani, watoto wangu walikuwa wameketi barazani. Mdogo alikuwa anakula andazi. Mkubwa alikuwa amekumbatia magoti. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pamoja na mwanamke mmoja nisiyemjua, wa umri wa mke wangu, amejifunga khanga. Mke wangu naye alikuwa ametoka nje, akiwa amemshikilia mtoto, na hakupaswa kutoka.

"Ulikuwa wapi?" mke wangu akaniuliza. "Tumekupigia simu inalia humuhumu ndani! Wanao wamefuatwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume amevaa koti jeusi," mdogo akaeleza, mdomo umejaa andazi. "Anajificha kwenye miti! Dada akanishika mkono tukaingia kwa huyu mama. Tukapiga hodi. Dada akasema tuna shida."

Yule mwanamke akaendelea. Alisema alikuwa anafua nyuma ya nyumba, iliyo ndani kidogo nyuma ya mikorosho, ndiyo maana sikuiona. Aliwasikia watoto wanapiga hodi, akatoka, akamkuta mkubwa anatetemeka lakini anaeleza vizuri, wanakaa wapi, baba yao fundi, mama yao ni mzazi. Aliwapitisha njia ya nyuma, ile inayotokea kwenye kisima, akawaleta mpaka kwetu. "Mna binti mwenye akili, kaka," akaniambia. "Mtoto mwingine angelia tu."

Kisha macho yake yakafika kwenye koti langu. Mama mkwe naye akalitazama. Mwisho binti yangu mkubwa akainua kichwa.

"Baba," akasema polepole, "ni wewe?"

Nilivua lile koti. Nikasema, "Ni mimi. Nilikuwa nawaangalia."

Nilidhani atalia. Alisimama, na maneno aliyokuwa ameyabana tangu siku ya lori yakamtoka yote. "Ulisema unabaki! Ulisema peke yetu! Mie nilidhani tunaibwa, nilimvuta mpaka nikamuumiza mkono. Kinondoni hukunifuataga! Kule ulikuwa unaniamini. Kama huku kubaya hivyo, kwa nini ulituleta?"

Hakuna aliyemkaripia. Mama mkwe alitazama chini. Yule mwanamke mgeni alijifanya anakaza khanga yake. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya baraza, kwa mara ya kwanza wiki ile nikakaa kweli.

"Huku si kubaya," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayeogopa. Hapajawa kwangu bado, kama ambavyo hapajawa kwako. Kinondoni sikukufuata kwa sababu wengine walikuwa wanakuangalia kwa niaba yangu. Huku sijui nani ataniangalizia. Lakini nilikudanganya, na nimekutisha. Nisamehe, mwanangu."

Aliingia ndani. Mdogo akanisogelea, akanionyesha mkono aliovutwa, akaniambia hauumi sana, akaniachia andazi lililobaki.

Yule mwanamke alipokuwa anaaga, alisema kama mtu anayezungumza mambo ya kawaida, "Mie nina binti naye anaanza la tano palepale. Huwa anakwenda na wenzake wawili wa upande wa kisimani. Njia hiyo ya nyuma ni ndefu kidogo, lakini ina nyumba mwanzo mwisho. Mkitaka, atawapitia."

Tulijibu pamoja, mimi, mke wangu na mama mkwe, kwamba tunataka.

Siku zilizobaki sikuwa na njia ya kufundisha. Nilishona majina kwenye kola. Herufi zilipinda, na nilijichoma mpaka damu ikagusa shati moja, mama mkwe akaifua kwa chumvi bila kunilaumu. Nilichonga penseli kwa patasi mpaka mke wangu akaninyang'anya. Sketi zilichelewa kwa fundi cherehani, nikaenda kukaa kwenye benchi lake asubuhi nzima, nikimtazama mguu wake kwenye pedali, mpaka akaniambia nikimtazama hivyo anakosea. Mkubwa alinijibu nikimuuliza kitu, ila kwa neno moja, kama zamani. Jioni ya mwisho mama mkwe aliwasuka wote wawili mtindo wa twende kilioni, mmoja baada ya mwingine, na mkubwa alikaa katikati ya magoti ya bibi yake. Nikasikia bibi anamwambia, "Baba yako alikosea njia, hakukosea nia." Mkubwa akasema, "Najua, bibi. Ila nilitetemeka."

Siku ya kufungua, watoto watatu walipiga hodi asubuhi na mapema, binti wa yule mama mbele yao. "Shikamoo baba. Shikamoo bibi. Tumekuja kuwapitia." Siku hiyo ilinibidi niende nao, kwa sababu ya barua ya uhamisho na kumwandikisha mdogo. Nilibeba ndoo na fagio mbili. Wao walikuwa mbele na nilisikia wanamuuliza binti yangu maswali: Kinondoni kuna nini, anajua kucheza rede, kwa nini ameandika daftari kwa maandishi mazuri hivyo. Mwanzoni alijibu kwa neno moja. Tulipofika kisimani alikuwa anaeleza jambo refu kwa mikono yote miwili.

Shuleni mwalimu wa la kwanza alipokea cheti, akampa mdogo nafasi kwenye dawati pamoja na watoto wengine wanne. Mdogo alikaa, akaweka begi mapajani, akasahau kama nipo. Mimi nilisimama dirishani. Nilisimama kwa muda mrefu, nadhani, maana mwalimu alikuja mpaka pale.

"Baba, umesahau kitu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi sisi tunaanza."

Nilipokuwa napita uwanjani kwenda getini, mkubwa alikuwa kwenye mstari wa darasa la tano. Aliniona. Alinyoosha mkono chini, karibu na sketi, asionwe na wenzake, akanipungia vidole tu. Nami nikampungia vidole.

Kesho yake nilirudi kazini. Waliondoka na wenzao, mimi nikashika njia ya kituoni, na mara mbili nikasimama. Karakanani wenzangu walinipongeza kwa mtoto mchanga, nikawashukuru bila kuwasikia vizuri. Saa nne nikapiga simu nyumbani. Mama mkwe akapokea.

"Shikamoo, mama. Watoto wamefika?"

"Marahaba. Watoto wako shule, mama yao amekula, huyu mdogo amelala. Na wewe fanya kazi, mwanangu."

Nikaweka simu mfukoni, nikarudi kwenye ubao wa kitanda nilioanza asubuhi. Nikakuta nimeupiga msasa upande uleule mara mbili, na upande wa pili sijaugusa.